Mbwa Wawili wa Aina Moja Nyumbani



Baba mmoja mwenye watoto watano ametuuliza neno hili: mjomba wa watoto wake, akaaye kijijini, ana mbwa jike aliyezaa watoto wanne, wote wanafanana kama punje za mhindi mmoja. Mjomba anasema: "Chukueni wawili, wapate kutulizana." Je, inafaa kuwachukua wawili pamoja?

Tunamjibu bila kuzunguka: chukua mmoja. Wa pili angoje. Sababu zake tunazijua kwa kuwauliza wenye kufundisha mbwa, lakini kwanza tulizijua kwa kosa letu wenyewe.

Nasi tuliletewa zamani majike wawili wa tumbo moja, wekundu, wenye miguu myeupe na mkia uliojikunja juu ya kiuno. Walilala pamoja, walikula katika sahani moja, walicheza tangu asubuhi mpaka jioni. Hawakulia usiku hata mara moja, nasi tukajisifu ya kuwa kazi ya malezi imekuwa nyepesi. Hatukufahamu kwamba wepesi ule ulikuwa deni. Tulipomwita mmoja, alimtazama kwanza mwenzake. Tulipomtoa mmoja nje peke yake, mwingine alikataa chakula. Walisikilizana wao kwa wao. Sisi tulikuwa watu wa kuleta ugali tu.

Walipotimiza mwaka mmoja na nusu, jioni moja mfupa ulianguka karibu na jiko. Wakashikana, wala haukuwa mchezo tena. Mtoto wetu wa miaka minane, aliyewapenda wote wawili, akatia mkono kati yao ili awaachanishe, akaumwa kiganja. Tangu siku ile majike wale hawakupatana kamwe; kuonana tu kulitosha kuwasimamisha nywele za shingo. Mwishowe ilitubidi kumpeleka mmoja kwa jamaa zetu wa mbali. Aliyelia kuliko wote siku ile ni yule mtoto aliyeumwa.

Wazee wetu wamesema, fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulidhani neno hilo ni la madume tu. Kumbe waganga wa wanyama wanajua ya kuwa mbwa wa nyumba moja hupigana zaidi wakiwa wa jinsia moja, na ugomvi wa majike wawili mara nyingi ni mkali, tena mgumu kuponya.

Mbwa hawa wa vijiji na misitu ya kwetu si wanyama wa kudharauliwa. Ulimwenguni wanajulikana kwa jina la Basenji, neno la Lingala lililo ndugu ya neno letu "washenzi", yaani watu wa porini. Jina halina heshima, lakini mbwa mwenyewe anayo. Mwaka 1895 walionyeshwa Uingereza katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts, wakafa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 walionyeshwa huko tena, na safari hii uzao wao ulidumu. Basenji ana uzito wa kilo 10 au 11 hivi, masikio yaliyosimama, na makunyanzi katika paji la uso. Hujisafisha kwa ulimi kama paka. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya wimbo. Ndiyo maana wawindaji wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo ndani ya msitu.

Mbwa huyu ana akili nyingi, naye hupenda kuamua mambo mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kwa kuwa mbwa wawili ni wa aina moja, watapatana kwa kufanana. Lakini mkiwaweka wawili wenye tabia moja, mmeongeza na ukaidi wao maradufu. Kupatana kwao hutegemea jinsia, umri na malezi, kuliko rangi ya manyoya.

Basi anayetaka kufuga wawili na ashike mambo haya.

Kwanza, wasiingie nyumbani siku moja. Mleeni wa kwanza mpaka ajue jina lake, aje akiitwa, aweze kukaa peke yake bila fujo. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja, au mmoja na nusu. Ndipo wa pili aletwe. Mdogo atajifunza mengi kwa kumtazama mkubwa. Lakini wadogo wawili hufundishana utundu.

Pili, dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi kuliko wawili wa jinsia moja. Lakini hapo yafaa kufikiri habari ya uzazi. Mbwa majike wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Basenji kwa kawaida mara moja tu, kwa muda wa majuma matatu hivi. Siku hizo watengwe kwa mlango uliofungwa, wala si kwa ua tu, maana Basenji hupanda ua kama paka. Na wa tumbo moja wasizalishwe kamwe. Aina hii ina ugonjwa wa mafigo uitwao Fanconi, ambao mtoto huupata akirithi kasoro yake kwa baba na kwa mama pia. Tena ndugu wa damu moja huweza kuwa na kasoro moja. Kwa ajili ya shida hiyo, miaka ya 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja nchini mwetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, kutafuta damu mpya. Kama hamtaki watoto, mwiteni mganga wa wanyama amhasi dume.

Tatu, kila mmoja awe na sahani yake na mahali pake pa kulala. Wale mbalimbali, na mifupa isitupwe kati yao. Chakula na nafasi nyembamba ndivyo vianzavyo ugomvi.

Nne, kila siku kila mmoja apate muda wake pamoja na watu, mwenzake akiwa hayupo. Atembezwe peke yake, aitwe peke yake, afundishwe peke yake. Kazi hii wanafunzi wanaiweza vizuri: mmoja asubuhi, mwingine jioni.

Tano, mbwa wakipigana, mtu asitie mkono. Wamwagieni maji, au ingizeni ubao au kiti kati yao. Na mtu akiumwa, oshwe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe dispensari siku ileile, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kutumainiwa. Lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa. Mbwa nao wachanjwe wakiwa na miezi mitatu hivi, na chanjo irudiwe kama mganga asemavyo.

Sisi tulifanya hivyo kwa mtoto wetu, naye alipona. Alama ingali kiganjani mwake.

Kwa hiyo, ndugu baba wa watoto watano, mwambie mjomba: "Tunakushukuru, mmoja atutosha kwa sasa." Mchukueni yule jike mnayempenda, mmlee vema. Mwaka kesho, au baadaye kidogo, atakapokuwa ameyajua maneno yenu, tafuteni dume mdogo wa mama mwingine. Hivyo watoto watakuwa na mbwa wawili, wala hakuna atakayelia mlangoni akimtazama mmoja wao akiondoka.