Mwongozo Usimeze Kitabu

Lipo swali moja ambalo sisi walimu wa lugha hatupendi kuulizwa: kando ya kile unachokifundisha, umesoma kitabu gani mwaka huu? Ukiliuliza hapa Nyamira au kule Kisii, wengi watakutajia riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ni kazi nzuri, wala sina ugomvi nazo. Lakini zimesomwa kwa sababu zinatahiniwa. Mwanafunzi naye mara nyingi hata hizo hakuzisoma. Alichokisoma ni mwongozo.

Mganga hajigangi, walinena wahenga. Ili nisiwaulize wenzangu swali nisilolijibu mwenyewe, nitataja niliyoyasoma na yanayonisubiri.

Nimemaliza karibuni kusoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Kwa hiyo kisa cha pwani yetu kilikaa ugenini miaka 28 kabla ya kurejea katika lugha ya pwani hiyo.

Kisa chenyewe ni cha Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake. Mtoto anamwita tajiri huyo kwa jina la ujamaa, kama alivyofunzwa nyumbani. Khalil, kijana mwenzake dukani, anamkemea tena na tena: huyu si jamaa yako! Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikatafakari. Kiingereza humwita ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa neno moja. Kiswahili hakikubali: huyu ni ami, yule ni mjomba, na kila mmoja ana haki na wajibu wake. Nasi Wagusii tunawatofautisha vivyo hivyo. Kumbe mtoto anaweza kufungwa kwa neno la heshima, pasipo kamba wala pingu.

Sasa nawauliza wasomaji: ni mwongozo gani utakaomfikisha mwanafunzi hapo? Mwongozo utasema, "Maudhui: utumwa. Mhusika: Yusuf. Sifa: mtiifu." Yote ni kweli, na yote ni makapi. Utiifu wa Yusuf ndio msiba wake, na msiba huo hauonekani mpaka umefuatana naye ukurasa baada ya ukurasa. Fasihi haikai katika majibu. Hukaa katika mwendo wa kuyatafuta.

Nazungumza pia kama mwanaisimu. Lugha haikui kichwani kwa kukariri orodha ya tashbihi na takriri. Hukua kwa kukutana na maelfu ya sentensi kamili, zilizojengwa na fundi, katika muktadha wenye uhai. Mwanafunzi aliyelishwa mihtasari huandika insha za mihtasari, kisha sisi tunaolalamika kwamba Kiswahili cha vijana kimepwaya ndio tuliomnunulia ile mihtasari.

Na vinavyonisubiri? Kipo Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990. Kurasa zake hazifiki 100, lakini ni kitabu kisichokubali haraka. Nataka kukirudia kwa utulivu. Huyu ndiye Kezilahabi ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, naye akafariki Januari 2020 akiwa miongoni mwa vigogo wa fasihi yetu. Kipo pia Dunia Yao cha Said Ahmed Mohamed. Utengano wake kilisomwa na wengi kwa ajili ya mtihani. Ni wangapi walimfuata mwandishi huyo baada ya mtihani kwisha?

Najua kitakachojibiwa: vitabu ni ghali, na dukani utapata miongozo kabla ya riwaya isiyotahiniwa. Ni kweli. Hata hivyo, mwongozo nao hununuliwa kwa fedha. Walimu watano wa shule moja wakinunua riwaya moja moja na kubadilishana, kila mmoja atakuwa amesoma tano kabla ya mwaka kwisha. Hapa ambako majani chai yamesomesha wengi wetu, tunajua kwamba kikapu hakijazwi kwa siku moja wala kwa mkono mmoja.

Mfumo wa 8-4-4 umepangiwa kuufanya mtihani wake wa mwisho wa KCSE mwaka 2027. Mtihani utaondoka, mwongozo unaweza kubadili jalada tu na kubaki. Hilo halitaamuliwa na wizara. Litaamuliwa darasani, siku mwalimu atakapoingia na kitabu ambacho hakuna aliyemwagiza kukisoma, awaeleze wanafunzi kwa nini alishindwa kukiweka chini, kisha awaazime. Nanyi wanafunzi, msisubiri siku hiyo. Mwulizeni mwalimu wenu anasoma nini.