Siku Moja kwa Fundi Sanifu



Naomba nafasi nitoe shauri juu ya wenzetu wa ujenzi, ambao sisi makarani twawakumbuka tu yanapotufikia mahesabu ya mahudhurio yao.

Nasema juu ya fundi sanifu. Yeye si mwashi wala si mhandisi. Amesimama katikati yao. Ndiye awasomeaye mafundi ramani, apimaye msingi, na atunzaye vipande vya zege vya kupimwa nguvu baada ya siku 7 na siku 28. Mhandisi huja akaondoka. Yeye hushinda pale juani. Mtu huyu akitaka elimu ya juu, yafaa aipate pasipo kuacha kazi, maana sehemu kubwa ya elimu hiyo anayo mikononi tayari. Ajua kwamba katika roshani isiyo na nguzo, nondo kuu hulazwa upande wa juu wa zege, wala si chini. Lakini kwa nini juu, na nondo ngapi, na za unene gani? Hiyo ni hesabu, nayo yataka mwalimu na ubao. Aliyekwisha kuona roshani ikipasuka upande wa juu ataifahamu hesabu hiyo upesi kuliko kijana atokaye shuleni.

Ngazi za kupanda zipo. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1957 ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, na katika mpango wa elimu ya ufundi wa Tanzania stashahada ni ngazi ya 6, shahada ngazi ya 8. Kinachokosekana ni wakati.

Namjua kijana mmoja aliyeanza masomo ya jioni kwa fedha yake mwenyewe. Kazi ilikwisha saa 11, darasa likaanza saa 12. Lakini zege likianza kumwagwa halingoji, na siku hizo alirudi usiku, darasa limempita. Hata hivyo alifaulu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ikaja barua ya uhamisho, kwenda mkoa usio na chuo cha namna ile. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Hakuna aliyemchukia, hakuna aliyeuliza, basi. Ombi lake la ruhusa ya masomo lilikuwamo katika jalada lile lile, karatasi mbili chini, halijajibiwa.

Naona chama chetu kiombe mambo mawili: fundi sanifu aliyekubaliwa chuoni apewe siku moja kila juma, mshahara wake usipunguzwe, na asihamishwe kabla ya kumaliza, ila kwa dharura iliyoandikwa. Si jambo geni. Uingereza, katika karne ya 20, mafundi wengi wa ujenzi walisoma hivyo, siku moja darasani na zilizobaki kazini.

Wako wakubwa wasemao kwamba akipata shahada atakimbilia kwa makandarasi. Huenda. Lakini kijana niliyemtaja hakuipata shahada, naye ameondoka vile vile.

Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao. Nanyi makarani wa idara za ujenzi, fungueni majalada, mje na hesabu: wangapi waliomba ruhusa ya masomo, na wangapi walijibiwa.

Mimi mwenzenu,
Karani wa Masijala