Spika Tano Ukutani, Sauti Mbili Masikioni



Msimu wa alizeti unapokwisha hapa Chemba, fedha huingia majumbani, na pamoja nazo huja mipango: bati za jikoni, ada za watoto, na siku hizi, katika nyumba zenye vijana, seti ya muziki yenye spika tano na sabufa. Kijana aliyerejea likizo kutoka chuoni Dodoma ana kompyuta yake, naye anatamani gemu zake zisikike kama sinema, nyayo za adui zikimjia kutoka nyuma na gari likimpita kutoka kushoto kwenda kulia. Mzazi hukubali, fedha hulipwa, spika hufungwa ukutani. Kisha hutokea jambo ambalo wazazi hutuuliza baada ya swala ya Ijumaa, kwa kuwa sisi katika kamati ndio tunaohangaika na nyaya za vipaza sauti vya msikiti: spika mbili za mbele zinalia, za nyuma ziko kimya. Au zote zinalia, lakini kwa sauti ileile moja. Muuzaji hulaumiwa, seti hurudishwa, na aghalabu hununuliwa nyingine ambayo nayo hufanya vivyo hivyo.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, kwani fedha ya mkulima haipatikani mara mbili katika msimu mmoja. Tuseme mapema: mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachokosekana ni njia ya kuifikisha sauti.

Sinema na gemu hazifanani. Sinema ya diski huja na sauti iliyokwisha kutayarishwa. Mikondo sita, yaani mitatu ya mbele, miwili ya nyuma na mmoja wa sabufa, imebanwa na kufungwa katika furushi moja kwa utaratibu wa Dolby Digital au DTS. Kompyuta hulipitisha furushi hilo lilivyo hadi kwenye risiva ya muziki, nayo risiva hulifungua na kuipa kila spika fungu lake. Gemu haina furushi la namna hiyo. Hakuna ajuaye kabla iwapo mchezaji atageuka kulia au kushoto. Kwa hiyo kompyuta huitengeneza sauti papo hapo, kadiri mchezo unavyokwenda, na kuitoa ikiwa wazi bila kubanwa.

Hapo ndipo waya unapoamua mambo. Waya wa mwanga, ule ambao ncha yake hung'aa nyekundu, hupitisha mikondo miwili tu ya sauti isiyobanwa. Kwa kipimo cha kawaida cha sampuli 48,000 kwa sekunde, zenye biti 16 kila moja, mkondo mmoja hubeba biti 768,000 kila sekunde. Mikondo miwili ni zaidi ya biti milioni moja na nusu. Sita ni zaidi ya milioni nne na nusu, na utaratibu wa waya huo haukupangiwa mzigo huo. Furushi la Dolby Digital, kwa upande wake, halizidi biti 640,000 kwa sekunde. Ndiyo maana sinema hupita bila taabu katika waya uleule ambamo gemu hubaki na sauti mbili.

Zipo njia tatu za kuvuka kizuizi hiki.

Ya kwanza, na iliyo nyepesi, ni waya wa HDMI. Huu hubeba hadi mikondo minane isiyobanwa pamoja na picha. Waya utoke kwenye kompyuta uende kwenye risiva kwanza, kisha mwingine utoke kwenye risiva uende kwenye televisheni. Wengi hugeuza mpangilio huu: huunganisha kompyuta na televisheni, halafu huitoa sauti kwenye televisheni kwa waya wa mwanga. Televisheni nyingi huipunguza sauti hiyo ikawa mikondo miwili, na shida hurudi palepale.

Ya pili ni kuifanya kompyuta yenyewe ifunge furushi papo hapo. Ufundi huu si mpya. Mashine ya michezo ya Xbox ya Microsoft ilitoka mwaka 2001 ikiwa na uwezo huo. Kwa kompyuta, itafutwe kadi ya sauti yenye uwezo uitwao Dolby Digital Live au DTS Connect. Hapo waya wa mwanga hutosha, ingawa kazi ya kubana huichelewesha sauti kidogo.

Ya tatu ni ya kizamani, lakini huwafaa wenye risiva kuukuu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu ya rangi: la kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, na la chungwa ni la spika ya kati na sabufa. Nyaya tatu hutoka humo hadi kwenye matundu sita ya risiva, kama risiva hiyo inayo.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kompyuta iambiwe kuwa kuna spika sita. Katika Windows, hufunguliwa mpangilio wa sauti, huchaguliwa kifaa kinachotumika, kisha 5.1. Kipo kitufe cha kujaribu, kinachoiliza spika moja baada ya nyingine. Mpangilio wa sauti ndani ya gemu nao ukaguliwe. Kioo cha risiva pia husema kweli: kikiandika Dolby Digital wakati wa gemu, furushi limefika, kikiandika PCM kwenye waya wa mwanga, iliyofika ni mikondo miwili. Na kikiandika Pro Logic, risiva inakisia sauti za nyuma kutokana na mikondo miwili iliyopokea.

Sasa tuje sokoni, ambako fedha hupotea zaidi. Seti nyingi zinazouzwa kwa jina la homu thieta zina tundu la HDMI, lakini ni la kutoa picha ya diski kwenda kwenye televisheni. Mzazi asome neno lililoandikwa chini ya tundu: OUT ni la kutoa, IN ni la kupokea. Zipo pia seti zenye spika tano ambazo hupokea kwa nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Hizo zitagawa sauti mbili kwa spika zote, na hakuna fundi atakayezifanya sita. Na mwenye kununua risiva iliyotumika ageuze nyuma yake asome kiwango cha umeme. Umeme wetu ni volti 230. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, na ya Marekani volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, huungua, na muuzaji huwa amekwishafunga duka.

Baada ya haya yote liko jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Sauti ya kuzunguka ilibuniwa ili sikio lijue kitu kinatokea upande gani. Uzuri wake umo katika mwelekeo, wala hauhitaji ukelele. Kijana aliyepanga spika zake vizuri, mbili mbele, moja kati, mbili ubavuni nyuma kidogo ya kiti chake, atazisikia nyayo za adui kwa sauti ya chini kuliko yule mwenye spika mbili anayeongeza sauti akitafuta asichokipata. Mwenye seti sahihi ndiye mwenye udhuru mdogo zaidi wa kuwasumbua watu.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa mwaka 2019 kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 mtu mzima ana saa 20, kwa 86 ana saa 10. Sikio lililoharibika kwa kelele halirudi.

Jirani naye ana haki yake. Sauti nzito ya sabufa hupenya kuta kirahisi kuliko sauti nyembamba, na katika nyumba zetu za matofali na bati hutetemesha hadi kitanda cha mgonjwa wa nyumba ya pili. Anayejiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne hakuchagua gemu ile. Nchi yetu ina Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini haipendezi jirani afike kwenye kanuni ilhali kitufe kiko mkononi mwa mwanetu. Sabufa ipunguzwe baada ya Isha. Risiva nyingi zina mpangilio wa usiku, ambao huishusha milipuko na kuiacha minong'ono isikike.

Basi kabla ya kufungua pochi, mzazi amwulize kijana wake maswali matatu: sauti itatoka kwenye kompyuta kwa tundu gani, itaingia kwenye risiva kwa tundu gani, na risiva hiyo ni ya volti ngapi? Akijibu yote, ameelewa anachokitaka, na fedha ina pa kwenda. Akishindwa, fedha ikae kwanza. Spika zitakuwapo dukani hata mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.