Anayehamia Fizikia Aulize Maabara

Kila dirisha la uhamisho la KUCCPS linapofunguliwa, wanafunzi wengi hukimbilia vyuo vikuu vyenye majina makubwa. Kwa anayehamia fizikia, mimi nashikilia kwamba jina pekee halitoshi.

Sharti kuu ni alama zake za KCSE zifikie kiwango cha kozi anayoiendea. Lakini alama hizo hazimwambii kama ataimudu. Fizikia hujengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali. Milinganyo ya Maxwell, iliyo moyo wa somo la umeme na sumaku, haieleweki barabara bila kalkulasi ya vekta. Aliyelikosa tofali hilo huenda akarudishwa nyuma mwaka mzima, na mzazi akalipa karo upya.

Basi kabla ya kujaza fomu, aende idarani mwenyewe. Aulize: Ni masomo yangu yapi yatakayotambuliwa? Ni wanafunzi wangapi hugawana kifaa kimoja maabarani? Ni nani atakayeusimamia mradi wangu wa mwisho?

Walimu wenzangu, tuwazoeze vijana kuuliza hivyo mapema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Idara iliyojiandaa haitaona haya kumfungulia mgeni mlango wa maabara yake.