Mpini ni mmoja kwa mkulima, si kwa mwagizaji

Mkulima akisema mpini, kila mtu amemwelewa. Uwe wa jembe, shoka, kisu au mundu, jina ni hilo hilo. Kiingereza hakiko hivyo, na mwenye duka anayeagiza zana nje kwa kusoma katalogi anaweza kuilipia tofauti hiyo kwa fedha taslimu.

Neno la jumla ni handle, lililotokana na hand, yaani mkono. Upana wake ndio hatari yake: linabeba hata utambo wa ndoo, mkono wa kikombe na kishikio cha mlango. Kwenye chepeo mambo huharibika zaidi. Mwingereza huita ule mti mrefu shaft, na handle kwake mara nyingi ni kile kishikio cha juu chenye umbo la D au T. Mmarekani huita mti wote handle. Anayetaka miti 100 ya chepeo anaweza kufungua sanduku akakuta vishikio 100. Akiandika shaft peke yake, fundi wa magari naye ana shafti yake.

Helve na haft ni maneno ya zamani, lakini ndiyo yaliyonyooka. Helve ni mpini wa shoka au sururu, ambako mti huingia kwenye tundu la chuma. Haft ni wa kisu au mundu, ambako kwa kawaida chuma ndicho huingia kwenye mti kwa mkia wake. Hilt ni wa upanga wa vita. Muuza majembe aupite.

Pesa iko kwenye tofauti hiyo ya tundu na mkia. Jembe la mkia linataka mpini wenye kichwa kinene kilichotobolewa. Jembe la tundu linataka mti ulionenepa mwishoni ili lisichomoke. Mpini usioingia hauuziki, na mkulima hausubiri mvua ikiwa imeshanyesha; huingia porini akachonga wake.

Kosa kubwa ni la wauzaji wa jumla wanaoandika kwenye ankara "mipini, aina mbalimbali" na kumwachia mwenye duka bahati nasibu. Oda itaje zana yenyewe, upana wa tundu kwa milimita, urefu wa mti, na iambatane na mchoro. Sampuli moja itangulie, ijaribiwe kwenye jembe lenyewe kabla salio halijalipwa.