Kofia kiwikoni
Jumanne asubuhi pale Ubungo nilimwona bodaboda amepakia mshikaki, mama na mtoto wa shule, na helmeti moja tu, nayo imening'inia kwenye kiwiko chake. Pikipiki ina spea, kichwa hakina. Nilimkumbuka shemeji yangu, aliyelegeza mkanda wa kidevuni kwa sababu ya joto. Leo, baada ya ajali, hata jina la mwanawe humponyoka. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42. Sisi abiria tunabishania mia tano ya nauli, kofia hatuiulizi. Abiria anayepanda bila kuidai anashiriki kosa la dereva. Yule mtoto alikuwa amefumba macho, vumbi likimpiga usoni.