Samaki Mgeni Atengwe Kwanza

Mfugaji wa samaki wa baharini katika tangi la kioo huwa na haraka kila amletapo samaki mpya. Tangi limekwisha pambwa kwa matumbawe, taa zinawaka, na samaki aliyenunuliwa kwa bei kubwa anahangaika ndani ya mfuko wa plastiki. Basi humtia tangini siku ile ile. Baada ya juma moja au mawili vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi huonekana juu ya mapezi yake, kisha juu ya wenzake, na hapo ndipo dawa inapoanza kutafutwa. Desturi hii ni mbaya, wala sayansi haiipi udhuru.

Vidoa hivyo husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, jina kilichopewa mwaka 1951. Hujipenyeza chini ya utando wa juu wa ngozi na wa matamvua, na hapo hujilisha mwilini mwa samaki kwa muda wa siku 3 hadi 7. Kisha hubanduka, hushuka chini, na kujifungia ndani ya ganda juu ya mchanga au jiwe. Humo hugawanyika tena na tena. Ganda moja laweza kutoa vimelea vichanga hata 200. Aghalabu hutoka kati ya usiku wa manane na alfajiri, samaki walalapo. Kimelea kichanga kisipompata samaki katika siku moja au mbili hufa, na baharini wengi wao huishia hivyo, kwa kuwa maji ni mengi na samaki huhama. Lakini katika tangi la lita 200 samaki hulala usiku kucha juu ya magamba yale yale yaliyodondoka mwilini mwake.

Dawa ya zamani na ya kutegemewa ni shaba, ambayo mara nyingi hutiwa kwa njia ya mrututu. Shaba haikiui kimelea kilichomo ngozini, wala kilichomo gandani. Huua kile kichanga tu kinachoogelea, na kwa sababu hiyo hapana budi idumu majini kwa majuma kadhaa. Kiasi kifaacho ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Kikipungua kimelea husalimika, kikizidi samaki mwenyewe hudhurika. Tena mchanga wa matumbawe na mawe ya chokaa huinyonya shaba, hivi kwamba kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni. Na matumbawe hai, kamba na konokono hawaivumilii hata kidogo. Mtu atiaye mrututu katika tangi lililopambwa huua alichotaka kukipamba, na ugonjwa huenda ukabaki.

Ndiyo maana pahitajika tangi la pili, dogo na tupu: bila mchanga, bila jiwe, vipande vichache vya bomba la plastiki vya kujifichia samaki, na sifongo ya kuchujia iliyokwisha kaa majini muda wa kutosha kuota bakteria. Bakteria hao ndio waondoao amonia, ambayo huua samaki upesi kuliko kimelea. Humo mgeni akae siku 30, akiangaliwa kila siku namna alavyo na apumuavyo. Jina karantini lenyewe latokana na siku 40 ambazo meli zilingojeshwa Venice zamani za tauni. Na hapa kwetu jengo la Kisiwa cha Changuu, Unguja, lililojengwa miaka ya 1890 liwe gereza, likatumika kuwatenga wasafiri. (Kisiwa hicho, kwa bahati, kina jina la samaki.)

Wako wasemao kwamba samaki mwenye afya hujikinga mwenyewe. Neno hili lina ukweli wake, kwani samaki aliyenusurika hupata kinga ya kadiri fulani. Lakini samaki huyo aweza kubeba vimelea vichache bila dalili yoyote, akawapokeza wageni. Tangi likishaingiliwa, njia ya hakika ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki, maana magandani vimelea vimepata kutoka hata baada ya siku 72. Ni nani atakayengoja muda huo kwa hiari, ambaye alishindwa kungoja 30?

Jambo hili latuhusu zaidi ya tunavyodhani. Pwani ya Kenya wapiga mbizi huwakamata samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo, nao husafirishwa kwa ndege hadi ng'ambo. Miongoni mwao yumo kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, ambaye ni mnyonge mno mbele ya kimelea hiki. Kila afaye katika tangi la mbali nafasi yake hujazwa na mwingine atolewaye mwambani, na aliyepiga mbizi haongezewi senti kwa kifo hicho.

Kwa hiyo wajibu usiachiwe mnunuzi peke yake. Muuzaji wa mwisho ndiye mwenye matangi, vipimo na ujuzi; yeye ndiye apaswaye kumtenga samaki kabla ya kumtoa dukani. Atasema kwamba siku 30 za chakula na umeme ni gharama. Ni kweli, na gharama hiyo iongezwe katika bei ya samaki.